Daluga Namba Arobaini na Tano

Aliziweka juu ya meza yangu, sokoni Arua,
zimefungwa kwa gazeti la kwao, herufi zina vikofia,
akasema kwa Kiswahili cha siku tisa: "Fundi, mdomo."
Kweli, ya kulia ilikuwa wazi
kama shahidi aliyesahau kesi.

Mimi sisomi takwimu. Nasoma soli.
Mwalimu hulika kisigino. Shemasi hulika ncha, kwa kupiga magoti.
Mdeni huisha ubavuni, kwa kukata kona.
Nikaigeuza ya kushoto, nikamkuta mtu mzima yumo mle.

Meno ya nje yamekwisha: huyu hucheza mgongo kwa beki,
hugeuka ghafla, bega mbele.
Kidole gumba kimechimba shimo.
Hapo ndipo alipofungia magoli kumi na tisa,
msimu wa kwanza, mji wa treni kando ya mto,
baba yake akipunga bendera ya reli kwa mkono mmoja
na mwingine umeshika redio sikioni.
(Haya alinieleza baadaye. Soli haitaji baba.)

Kreshimir Lovrekovich. Soko likakata likabaki Kreshi.
Straika wa miaka thelathini na sita
hapewi majina marefu.

Uzi mweupe ni Austria: mkopo, benchi, theluji.
Uzi wa bluu, mshono wa fundi hodari kuliko mimi,
Ubelgiji, magoli saba, halafu goti.
Gundi ya njano iliyomwagika ovyo ni Kupro,
mshahara haukuja miezi minne,
aliibandika mwenyewe usiku hotelini.
Kazakhstan haikuacha alama.
"Huko nilikaa," alisema. Sikuuliza kukaa gani.
Kisha wakala, simu, Misri, subiri, subiri,
hata Misri ikageuka Arua,
chumba nyuma ya duka la magodoro la Candiru,
ugali wa muhogo, neti yenye tundu.

"Polako," aliniambia nilipovuta uzi kwa nguvu.
"Polepole?"
"Polako."
"Polepole."
Tukacheka kama watu waliookota shilingi moja kwa pamoja.

Jumamosi walikuja wa Koboko, na mvua nyuma yao.
Dakika ya themanini na mbili Alioni akapiga krosi mbovu.
Haikumpata kichwani, haikumpata mguuni,
ilimgonga ugokoni
ikaenda, ikazama topeni, ikaenda tena,
kipa amelala, anaitazama kama mkwe anayechelewa kuondoka.
Chokaa ya mstari ilikwisha kuoshwa.
Refa alisimama akikumbuka goli lilianzia wapi.
Akapuliza.

Uwanja ulipanda miti. Kreshi hakukimbia popote.
Aliinama, akakagua daluga ya kulia,
akanitafuta kwenye umati, akaonyesha dole:
mdomo umefungwa.

Moja tu. Hakukuwa na la pili.
Goti likaumuka kama mkate,
klabu ikamlipa nusu, nusu ahadi,
Ijumaa akapanda basi la Kampala
na daluga ziko kwenye rafu yangu.

Kanuni nimeiandika kwa chaki: miezi mitatu, nauza.
Lakini nani hapa ana mguu ule?
Alijaribu mlinzi wa benki. Mrefu, ila mguu mwembamba, ukaogelea.
Mwezi wa saba nikachukua kisu.
Ngozi kama ile kuiachia ukungu ni dhambi ya fundi.
Ulimi ukaingia kiatu cha shemasi.
Ubavu ukaziba tandiko la bodaboda ya Onzima.
Kile kipande cha uzi wa bluu, Ubelgiji nzima,
kikashonwa kwenye mpira wa shule ya Mvara,
na watoto wanaupiga kichwa bila kumwuliza mtu.

Juzi simu ililia, namba ndefu.
Anafundisha watoto chini ya miaka kumi, kule kwenye treni.
"Fundi. Daluga ziko?"
Nikatazama nje. Onzima alikuwa anapita.
"Ziko," nikasema, na sikudanganya,
ila sikutaja mahali.

Shilingi elfu nane za kushona mdomo
bado ziko kwenye daftari, kwa jina lake.